Nchi Isiyo na Vyura

Mwenye haraka na aende zake, maana hadithi hii inataka mtu aliyeshiba na asiyeacha sufuria jikoni. Ni habari za Sikudhani binti Haji wa Kilimapera, mwanamke mfupi, mbishi, mwenye kucheka mahali pasipofaa, na za safari yake ya kumtafuta mumewe katika nchi ya Elekezani.

Mumewe, Mbaruku, alikuwa fundi wa visima. Alikwenda Elekezani kuitazama chemchemi ya huko, akatuma salamu mara moja, kisha kimya. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Watu wa Kilimapera wakaanza kumtaja kwa ile sauti ya chini wanayowekewa marehemu, na siku moja Ami Vuai, baba yake mdogo Mbaruku, mzee mwenye huruma nyingi na tumbo lililozidi huruma, akaja kumwambia Sikudhani kwamba ukoo umekaa na umeamua. Shaabani ikimalizika Mbaruku hajarudi, itasomwa khitma, na yeye ataingia eda.

"Eda ya nani, Ami?" aliuliza Sikudhani.

"Ya mumeo, mwanangu. Watu wengi wanasema ameshakufa."

"Wamemwona?"

"Wengi wanasema," alirudia Ami Vuai, kwa upole.

"Basi mie simkalii eda mtu ambaye huenda saa hizi anakula," alisema Sikudhani, akafunga kanga yake, akaondoka. Alimpenda mumewe, na zaidi ya hapo hakupenda kuamuliwa mambo. Njia yenyewe haina la kusimulia. Alikwenda, akafika.

Langoni mwa Elekezani alipokewa kwa tabasamu na karani aliyemshika mkono wa kulia, akakivisha kidole chake cha shahada kisoksi cheupe cha kufuma, akakifunga kwa uzi. "Karibu sana, mama. Huku kwetu mgeni hapewi taabu ya kunyoosha kidole."

Ndiyo ilikuwa sheria kubwa ya nchi ile. Kila raia alivaa kisoksi, tangu arubaini yake hadi kaburini. Wenye ruhusa ya kunyoosha kidole walikuwa Waelekezi peke yao, ambao walikaa kwenye viti virefu katika kila njia panda, vidole vyao wazi, vinang'aa. Mtu akitaka mkate, au tabibu, au maana ya ndoto, alimwuliza Mwelekezi, kidole kikanyooka, naye akafuata. Hakuna aliyejisumbua kutazama huku na huku. Shingo za watu wa Elekezani zilikuwa ngumu kwa kukosa kazi.

Katika njia panda ya kwanza Sikudhani alimkuta mwanamume ameegemea bomba la maji, sauti imemkauka, anauliza maji yako wapi. Mwelekezi akanyoosha kidole upande wa pili wa mji, kwenye duka la sharubati. Mwanamume akashukuru, akaanza safari.

"We kaka! Bomba hilo umeliegemea!" alipiga kelele Sikudhani.

Yule bwana akamtazama kwa huruma, jinsi anavyotazamwa mtu ambaye hakubahatika kusoma, akaendelea na njia yake.

"Kwa nini umempeleka kwenye sharubati?" Sikudhani alimwuliza Mwelekezi.

"Mwenye sharubati huleta samli," alijibu Mwelekezi, bila haya hata chembe. "Kidole kikavu hukakamaa, mama. Kikipakwa samli hugeuka vizuri, na hugeuka zaidi kule samli ilikotoka. Wageni huita rushwa. Sisi tunaita maumbile ya kidole."

Sikudhani alikuwa amechoka, na kwa uchovu huo akafanya kosa lililomwandama muda wote wa ziara yake. Aliuliza pa kulala. Kidole kikamwelekeza mtaa wa magodoro, akalibonyeza moja kwa kiganja, akasema ahsante, akatoka. Kumbe kwa desturi ya Elekezani mtu akishauliza kitu mara moja, hicho ndicho anachokitaka milele. Wauza magodoro wakatoka nyuma yake, magodoro vichwani. Alipokaa kula, godoro liliegemezwa kwenye meza yake. Alipoingia kuoga, mtu alisimama nje ya mlango akisifia sponji. Aliyewaongoza ni Bi Kidawa, mwanamke wa miraba minne, mcheshi, asiyejua maana ya hapana.

"Dada, hili lina maua ya waridi."

"Bi Kidawa, nimeshapata pa kulala! Nimelala jana!"

"Ndiyo maana nakuletea. Aliyelala jana na leo atalala."

Asubuhi ile, na msafara wake wa magodoro nyuma, Sikudhani akamwendea Mwelekezi wa sokoni akauliza lililomleta. "Namtafuta mume wangu. Anaitwa Mbaruku, fundi wa visima."

Kidole kikainuka, kikatetemeka hewani, kikashuka. "Hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Hakwenda popote. Hayupo na hakuwahi kuwapo. Wengi hawaulizi hivyo, mama. Wengi huuliza mume mpya anapatikana wapi."

Hata Sikudhani hajafungua kinywa, kidole kilishageukia safu ya wanaume waliochana nywele, wanatabasamu, wananukia samli. Wa mbele yao alikwisha kukohoa tayari kujitambulisha. Sikudhani alicheka mpaka akakaa chini, mikono tumboni, na alipojifuta machozi akagundua kwamba si yote yaliyokuwa ya kicheko. Alikuwa ametoka kwao kwa ubishi. Sasa kwa mara ya kwanza aliogopa.

Ni pale chini, machozi yakimtoka, alipomwona chura. Alikuwa chura mnene wa kijani, amekaa juu ya kiatu cha Mwelekezi. Nyuma yake wawili. Juu ya vikapu vya mikate, saba au wanane. Sikudhani alishangaa alivyokuwa hajawaona, kisha akaelewa: watu wote waliwakwepa bila kuwatazama, na yeye mgeni alikuwa ameshaanza kuwaiga. Mama mmoja alimtoa chura kwenye bakuli la uji kwa kijiko, akamweka pembeni, akaendelea kusifu hali ya hewa.

"Dada, hicho ulichokitoa ni nini?"

"Kipi?" aliuliza yule mama, na kwa kweli alikuwa hajui.

Chura wa kwenye kiatu akalia. "Upepo umeanza," alisema Mwelekezi, akafunga kola ya shati.

Sikudhani akakata shauri kwenda kwa wakubwa. Baraza la Elekezani hukaa kila siku, maana lina kazi nyingi ya kuamua nini kiko wapi na nini hakiko. Mwenyekiti wake, Mwelekezi Mkuu Mheshimiwa Fikirini, alikuwa mzee safi, mpole, mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri sana. Juu ya kofia yake ya kazi alikaa chura.

"Sema haja yako, mama," alisema Mheshimiwa Fikirini.

Sikudhani alikuwa amejiandaa kusema habari za mumewe. Alijitahidi. Lakini chura alipiga chafya. "Mheshimiwa," alisema, na sauti ikamponyoka, "kuna chura juu ya kofia yako!"

 Mjadala ukalipuka barazani. Wajumbe wa kushoto walisema maneno yale yamesemwa, ila yawekwe mwisho, nyuma ya maneno mengine yote, ambako hakuna atakayechoka kuyafikia. Wajumbe wa kulia walisema huo ni ulegevu, maneno yale hayakusemwa. Mjumbe mmoja alishauri kwamba chura aruhusiwe kuwapo nje ya saa za kazi, akazomewa. Chura mwenyewe aliruka akatua juu ya meza, akapita mbele ya wajumbe mmoja mmoja, na kila alipopita karatasi ziliinuliwa zimpishe. Mwishowe Mheshimiwa Fikirini akatoa uamuzi wa hekima: mgeni alikuwa amesema kwamba kuna joto.

"Lifunguliwe dirisha," aliamuru, nalo likafunguliwa, wakaingia vyura wengine watatu.

"Haya, kuna joto," alisema Sikudhani, akijiuma midomo asicheke. "Basi niambie, Mheshimiwa, nyinyi mnajuaje pa kuelekeza?"

Uso wa mzee ukachanua. Alikuwa akilipenda swali lile. "Kidole chetu hakina upendeleo, mama. Ukiacha mambo madogo ya samli, hugeukia penye watu wengi. Penye wengi ndipo penye jibu. Hiyo ni sheria, na hata mimi siwezi kukizuia. Kidole hugeuka chenyewe."

"Na hao wengi walifikaje pale?"

"Walielekezwa."

"Mkajuaje pa kuwaelekeza?"

"Palikuwa na watu wengi," alisema Mheshimiwa Fikirini, na macho yake yalikuwa safi kabisa, hayana hila. Sikudhani akaona hapa hapana wa kugombana naye.

Alitoka nje akakaa juu ya ngazi, amekata tamaa. Bi Kidawa akatua godoro, akakaa juu yake, na kwa mara ya kwanza hakulisifia. Akatazama kulia na kushoto.

"Dada yangu," alinong'ona, "yule fundi wako nilimuuzia godoro. Jembamba, la bei ya chini. Alifungua mfuniko wa Chemchemi Kuu akachungulia, kisha akatoka mbio anapiga kelele. Neno alilolisema sitalisema. Lakini linaruka."

Moyo wa Sikudhani ukaruka pia. "Wamemuua?"

"Astaghfirullah! Huku hatuui mtu. Walimhamishia Safu ya Pili."

"Ndiyo wapi?"

Bi Kidawa akainua mkono, akakumbuka kisoksi chake, akaushusha. "Nyumba zilizo nyuma ya nyumba hizi. Unaiona kamba ile ya kuanikia nguo? Nyuma yake."

"Kuna askari wangapi?"

"Askari wa nini?" Bi Kidawa alishangaa kweli. "Nani aende?"

Sikudhani akatazama. Kamba ilikuwa hatua chache tu kutoka pale alipokaa, ina mashuka mawili na suruali. Mumewe alikuwa amefichwa na suruali. Akasimama, na hasira na kicheko vikamjia pamoja, akaenda akainama chini ya kamba akapita. Bi Kidawa alisita. Lakini mteja ni mteja, akajitwika godoro lake akamfuata, na wauza magodoro wote wakamfuata Bi Kidawa.

Safu ya Pili ilikuwa mtaa mtulivu wenye nyumba nzuri tu. Wakazi wake walikaa vibarazani: tabibu asiyepaka mtu samli, mwalimu mmoja, muoka mikate ambaye mikate yake ilinukia vizuri kuliko yote ya sokoni. Walitazama mbele bila kuinuka, kwa kuwa walishazoea kwamba anayepita hapiti kwa ajili yao. Mwisho wa mtaa palikuwa na kisima kipya, na kando yake mwanamume mwembamba anasuka kamba ya ndoo.

Sikudhani alitaka kusema maneno mengi aliyoyapanga njiani, mengine makali. Yote yakamkimbia.

"Mbaruku," alisema.

Mwanamume hakugeuka. Alisuka tena kidogo, kisha mikono ikasimama. "Unaniona?" aliuliza, mgongo bado kwake.

"Nakuona. Na shati lako halina kifungo hata kimoja."

Ndipo akageuka, na Sikudhani akamshika uso kwa mikono miwili, pamoja na kisoksi, wakalia kama watoto. "Kwa nini hukurudi, mume wangu? Lango si lile pale?"

"Lango nalijua," alisema Mbaruku kwa aibu. "Lakini Siku, ukiita mwaka mzima hakuna anayegeuka, unaanza kuogopa kwamba na lango halitakufungukia. Nilikuwa nikijifinya kila asubuhi kuhakikisha. Siku hizi nimeacha hata kujifinya."

Huku nyuma mambo yalikuwa yanatokea. Wauza magodoro wa Elekezani si watu wachache, na wote sasa walikuwa mahali pamoja. Mwelekezi wa njia panda ya kwanza akahisi kidole kinamwasha. Penye wengi ndipo penye jibu. Kidole kikatetemeka, kikaacha sharubati, kikaanza kuzunguka chenyewe huku mwenyewe akikivuta kwa mkono wa pili, kikanyooka barabara juu ya kamba ya nguo. Cha pili kikafuata, na cha tatu. Aliyeuliza mkate akaelekezwa Safu ya Pili. Aliyeuliza tabibu, Safu ya Pili. Harusi nzima iliyokuwa ikitafuta ukumbi ikaja na ngoma zake na bibi harusi wake. Na kila walivyozidi kuja ndivyo vidole vilivyozidi kukaza, mpaka Mheshimiwa Fikirini mwenyewe akaonekana anakuja mbio, ameshika pindo la kanzu, anaburutwa na kidole chake, anasema, "Taratibu! Taratibu!"

Wa kwanza kufika kisimani alikuwa yule bwana wa bombani. Hakuwa amefika bado kwenye sharubati. Mbaruku akamkabidhi ndoo. Akanywa, akanywa tena, akamwagikiwa kifuani, akainua uso. "Maji!" alisema, akaangua kilio cha furaha.

Kidole cha Mheshimiwa Fikirini kilikuwa kimesimama sawasawa kifuani pa Mbaruku. Mji mzima ukakifuata kwa macho. "Wewe," alisema mzee huku anahema, kwa kuwa sheria ilimlazimu kuuliza, "ni jibu la swali gani?"

Mbaruku akamtazama mkewe. Mkewe akaitikia kwa kichwa, sema.

"Chemchemi yenu imejaa vyura," alisema Mbaruku. "Na mmoja yuko juu ya kofia yako, Mheshimiwa."

Kwa kuwa jibu lililoelekezwa ndilo jibu, watu wote wakawaona kwa pamoja. Hapo ndugu zangu hapasimuliki. Bibi harusi alimkuta mmoja kwenye shela. Wajumbe wa Baraza, wa kulia na wa kushoto, walipanda mti mmoja. Watu walirukia juu ya magodoro kuokoa miguu, magodoro yakadunda, watu wakarushwa juu wakashuka wakakuta vyura wanarushwa nao, na ngoma za harusi hazikunyamaza hata kidogo kwa sababu wapigaji walidhani ndiyo shamrashamra yenyewe. Bi Kidawa aliuza kila godoro alilokuwa nalo. Sikudhani alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na Mbaruku, ambaye alikuwa amesahau kucheka, alianza kwa kukohoa, kisha akakumbuka.

Ilipofika alasiri Elekezani ilikuwa imeshahama. Safu ya Pili ilikuwa Safu ya Kwanza, samli ilikuwa imeshaletwa huko, na Waelekezi walikuwa wanaelekeza vyura tu. Mtu akiuliza njia, chura. Akiuliza dawa ya jino, chura. Wale wawili walipokuwa wanaelekea langoni walipita kwenye jumba la Baraza, tupu, na wakamkuta Mheshimiwa Fikirini amekaa kwenye kiti chake kirefu, anaita karani kwa sauti ndogo. Watu walipita mbele yake bila kugeuka.

Sikudhani alisimama. "Mheshimiwa, nakuona," alisema. "Nenda nyumbani ukale." Mzee akaitika kwa kichwa mara nyingi.

Walifika Kilimapera siku ya mwisho ya Shaabani. Mikeka ilikuwa imetandikwa uwanjani, ukoo umekusanyika, juzuu zimekwisha kusomwa, na sinia za pilau zinateremshwa. Ami Vuai alikuwa amekunja mikono ya kanzu. Sikudhani akapita katikati ya mikeka, amemshika mumewe mkono.

"Ami, mtu wenu huyu."

Ami Vuai aliinua macho, akayashusha haraka kwenye sinia. "Pole, mwanangu. Kaa na wanawake wenzio. Marehemu alikuwa mtu mwema."

"Shikamoo, Ami," alisema Mbaruku.

Hakuna aliyeitikia. Watu walitazamana wao kwa wao, kila mmoja akimsubiri mwenzake.  Sikudhani akajitazama mkono, akaona bado amevaa kile kisoksi. Akakikata uzi kwa meno, akakitupa, akanyoosha kidole chake kitupu mbele ya ukoo mzima.

"Huyu hapa," alisema. "Tazameni."

Mfuko wa Mbaruku ukatikisika. Akatoka chura mnene wa kijani, akaruka mara moja, akatua katikati ya sinia ya Ami Vuai.

"Chura!" alipiga yowe Ami Vuai, akarudi kinyumenyume, akamgonga mtu, akageuka kumwomba radhi, akamkuta ni mtoto wa kaka yake. Akamtazama. Akamgusa shavu, akamgusa na la pili. "Mbaruku," alisema, na machozi yakaanza kumdondoka mzee wa watu. "Mbona umekonda hivi?"

"Njaa, Ami," alisema Mbaruku, akakaa mkekani, akavuta sinia nyingine, akaanza kula khitma yake.